Isale kwa Mwalimu wa Hesabu

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba. Huku Uru tu wazima, na babu yako bado anagombana na redio. Umeuliza iwapo fimbo itawaamsha wanafunzi wako wa Lindi wanaosinzia darasani. Upuuzi! Fimbo huamsha makalio tu.

Sisi tulipokuwa kidato cha pili tulifeli hesabu wote. Mwalimu alipoinua fimbo, mwenzetu Manka akamwekea mezani jani la isale. Kwetu, ukiletewa isale lazima usamehe.

"Mmeniweza, watundu nyie! Haya, hamkuelewa nini?"

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kutuuliza. Tulimjibu mpaka kengele ikalia.

Mtihani uliofuata tukafeli tena, ila safari hii isale alileta mwalimu mwenyewe.

Nimekuwekea jani kwenye bahasha. Wanafunzi wako hawalijui, kwa hiyo itabidi uwaeleze kwa nini mwalimu anaomba radhi. Nione atakayesinzia.

Bibi yako