Kitabu Kinachonuka Dagaa

Kiseke, Mwanza

Mama yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje na baridi ya huko Makete? Usijibu kwamba limepona. Dada ndiye anieleze, maana kwa magonjwa yako wewe sikuamini. Mimi ni mzima, ila muuza maziwa wa hapa nina hakika anaongeza maji.

Nina jambo ambalo ni refu mno kwa simu. Darasani kwangu, la tano, yuko binti anaitwa Penina. Vitabu vya hadithi vimejaa kabatini na hakuna anayevigusa, hata nibembeleze vipi. Ghafla Penina akaanza kuazima kimoja kila Ijumaa, kile kile, na Jumatatu kinarudi kinanuka dagaa. Nikasema huyu anakitumia kupepea moto. Mtoto hapendi kusoma hivi hivi tu.

Jumamosi nikamfuata mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Nilijibanza nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, mwalimu mzima. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa, watoto wanabeba ndoo, na Penina amekaa juu ya gunia anawasomea. Kumbe anakwepa ndoo. Nikatega sikio. Anasoma: binti katoroka ndoa, kajificha chini ya nyavu, mtumbwi unavuka ziwa.

Mama, kitabu kile kinahusu mbuzi aliyekata kamba. Hakina binti wala ziwa. Penina alikuwa anafunua kurasa na kutunga. Hajui kusoma. Darasani tunasoma kwa pamoja, sauti yake inapotelea kwenye za wenzake, na mimi ninayemshuku kila mtu yeye sikumshuku.

Nilitaka kumuumbua pale pale. Lakini wanawake walikuwa wameacha kazi wanamsikiliza, nikashindwa, nikarudi nyumbani na hasira zangu.

Jumatatu wenzake walipotoka, yeye alibaki.

“Mwalimu, naomba unifundishe kusoma. Bibi yangu, yule anayeanika dagaa, anataka nirudie pale binti alipovuka, na mimi nimesahau nilivyosema.”

Nilifurahi. Nikamsomea ukurasa wa kwanza, kidole kwenye kila neno: mbuzi, kamba, shamba. Akaniuliza:

“Ndivyo kilivyoandikwa kweli, au na wewe unatunga?”

Nisalimie baba, shangazi wa kilabuni na wifi mwenye mapacha. Na wewe Tumaini, mdogo wangu unayemsomea mama barua hii, soma kama nilivyoandika. Mama, akichangamka sana anaposoma, mwambie arudie.

Ni mimi binti yako,
Atu