Wathai Waoane, Mimi Nikatazwe

Bibi, shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana safari hii nimekuja na hasira. Wameshanambia maiti hasemwi ila kwa wema. Sawa. Mimi sikusemi. Nasema na wewe.

Leo Alkhamisi. Nimeingia Ibra alasiri hii kutoka Nizwa ninakofanya kazi, nimetupa mkoba, na nimekaa chumbani kwako juu ya godoro lako, ambalo Baba hataki liondoshwe. Keshokutwa, Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, Baba na ami zangu wawili wanakaa majlisi, baraza yao ya wanaume, kumpa jibu Yahya, aliyeleta watu kuniposa. Jibu lenyewe lishajulikana. Ni hapana. Na hiyo hapana, Bibi, umeiacha wewe.

Nimejua wiki iliyopita tu. Nilikuwa kazini, nyuma ya makabati ya dawa, Baba akanipigia simu. Hakupayuka. Ungemsikia ungesema anaagiza mkate. Akanambia, "Bibi yako kabla hajafa aliniusia. Alisema mtoto huyu ana mtu, fundi wa magari wa Firq, na watu wake ni wa bara, hawana asili. Usimpe. Ndiyo wasiya wa mama yangu, Salha, na mimi sitauvunja." Nilikaa chini kwenye boksi la dawa za kikohozi. Mteja alikuwa ananiita kule mbele, sikumwendea.

Kwanza nikasema muongo. Bibi atajuaje? Sikuwahi kukutajia Yahya. Kisha nikakumbuka, maana aliyekwambia ni mimi mwenyewe. Nilikwambia kila Ijumaa na kila Jumamosi, miezi na miezi, nikidhani nakusomea tamthilia ya Wathai.

Unakumbuka tulivyoanza? Macho yako yalikuwa na mtoto wa jicho, maandishi ya Kiarabu chini ya TV yanakupita mbio, ukawa unaniuliza, "Kasemaje? Huyo naye kasemaje?" Nikawa nasoma Kiarabu, nakupa kwa Kiswahili, na Kiswahili changu chenyewe kibovu, kila neno la tatu unanikemea. "Lo! Mtoto wa Kizanzibari huyu, unasema kama uliyeokotwa!" Sikuudhika. Nilichojua cha lugha hii nimekipata kwako, na nusu yake nimekipata kwa Wathai.

Mama alituona wendawazimu. Kikongwe na mfamasia, wanalilia watu wasiowajua. Lakini siku ile ya mbuzi hata yeye alitoka jikoni. Kwenye TV, mtumishi wa nyumba moja ya mbao alikaa chini kwenye kigoda chenye meno ya chuma, akaanza kukuna nazi, na wewe ukapiga kelele, "Mbuzi! Tazameni, wana mbuzi! Anakuna nazi, wallahi!" Ukalia palepale. Hapa Ibra, nchi ya Waarabu, ni majabali na vumbi, na kule kwenye TV mvua inapiga migomba, wanawake wamejifunga vitambaa vya maua, wanatwanga kwa kinu. Ulisema, "Watu hawa wanaishi kwetu." Nilidhani ndicho unachokipendea mchezo, kwa sababu unaiona Unguja yako.

Hapana. Ilikuwa mapenzi. Ulikuwa huna haya, Bibi! Yule kijana akimtazama msichana, msichana akatazama chini, dakika nzima hakuna linalotokea, na wewe umejivuta mbele, miaka themanini na zaidi, tasbihi imeshakuponyoka. "Mshike mkono basi, we mjinga!" Ulipenda kwamba hawavuani nguo. Ulisema wanapendana kwa adabu, na ndiyo maana inauma. Siku msichana alipopata homa, yule kijana akaleta beseni na kitambaa akamkanda paji la uso, akamlisha uji wa mchele kwa kijiko, anaupuliza kwanza. Ukanambia nisimamishe. Ukaiokota tasbihi. Kisha ukasema, "Babu yako miaka arubaini na moja hakunipa hata gilasi ya maji. Si kama alikuwa mbaya. Hakujua kama inafanywa." Na ukasema tena, kwa sauti ndogo, "Mimi sikupendwa, mimi niliozwa."

Mimi nilikuwa nishampata wa kunikanda. Ndiyo siri yangu.

Gari langu lilikufa gia pale Firq, karibu na Nizwa. Nimekaa gereji nazungumza na wewe kwenye simu, unanipigia makelele kwa nini sijala, na fundi aliyelala chini ya gari akasema kwa Kiswahili cha bara, "Dada, mfikishie shikamoo huyo bibi." Nikakufikishia. Ukaitikia, "Marahaba, mwambie, na gari alitengeneze vizuri." Hukuuliza nani, lakini Firq nilishakutajia, na sauti yake ya bara uliisikia. Yahya alicheka na uso wake mweusi kwa grisi, na mimi nikawa nishakwisha. Babu yake alitokea upande wa Tabora. Jina la kabila wanalotumia hapa waliandikiwa walipokuja, na kila mtu anajua ni la kuandikiwa. Baba yake ana heshima zake, dada zake walimu. Haitoshi. Kwa watu wetu haitoshi.

Sasa ile tamthilia ya binti wa jumba kubwa na mtoto wa mtunza bustani. Ulipoanza kuipenda, shetani akanipitia. Kijana huyo nikamgeuza fundi wa magari. Ukauliza, "Mbona ameshika mkasi wa maua?" Nikakujibu gereji imefungwa leo. Ukaniangalia. Mimi juha, sikuona unavyoniangalia! Kila nilichotaka kukuuliza nikakiweka midomoni mwa Wathai. Baba wa msichana akizungumza habari za mashamba yake, mimi nakupa, "Anasema fundi huyu hana asili, watu watatucheka." Halafu nakuuliza, sauti yangu kavu, "Bibi, ungekuwa wewe ungemjibuje?"

Nakumbuka ulichosema, na mahali ulipokaa, na kikombe cha kahawa ulichokishika. "Asili ya mtu tabia yake. Amuache mwanawe aolewe, jeuri mkubwa huyu!"

Nililala na maneno hayo, Bibi. Nikamwambia Yahya, lete watu, bibi yangu yuko upande wetu, na Bibi akisema Baba hapindui. Nikasubiri wiki moja, nikasubiri nyingine, nipate ushujaa wa kukutajia jina lake wazi. Ukaanguka. Sikusema.

Na mwisho wa mchezo ule nilikudanganya pia. Sehemu ya mwisho niliitazama peke yangu Nizwa, kukutayarishia. Unajua ilikuwaje? Yule mtoto wa mtunza bustani ikagundulika ni mtoto wa mtukufu mmoja, aliibiwa utotoni. Ana asili kubwa kuliko yao! Baba wa msichana akafurahi, ngoma zikapigwa. Niliizima TV kwa hasira. Hata Wathai, Bibi, mwisho wao waliogopa.

Ndiyo ukaniuliza hospitali, pumzi yenyewe unaivuta kwa mashine, "Wale wameoana?" Nikakwambia wameoana. "Na yeye fundi vilevile?" Fundi vilevile, Bibi. Ukasema alhamdulillahi. Machozi yakakutoka, nikayapangusa kwa ncha ya mtandio wangu, nikaona nimekupa zawadi.

Hiyo ilikuwa Alkhamisi. Baba anasema wasiya ulimpa Jumanne.

Jumanne umenifungia mlango, Alkhamisi unamlilia Mthai kwa furaha! Nimejaribu kukusamehe, haiji. Nimekusomea khitma, nimekutolea sadaka ya tende, na katikati ya Yasin nikajikuta nimekasirika mpaka siuoni ukurasa. Ulijua ni mimi ninayekuuliza. Ulijua, kwa sababu hakuna Mthai mwenye gereji. Na ukanijibu ninavyotaka, kisha ukaenda kumwambia Baba unavyotaka wewe. Nadhani Wathai ulikuwa huru nao. Ukiwalilia hakuna jirani wa Ibra atakayekuja kuuliza nasaba yao. Mimi ungelazimika kunieleza.

Na nasaba, Bibi. Hapa ndipo napofika.

Kuna mchezo mmoja hatukuumaliza. Ule wa zamani, bwana mwenye wanawake wawili, mkubwa na yule mwengine asiyeitwa mke. Yule mwengine akaleta sinia la chai kwa magoti, mke mkubwa akalipiga teke, na mtoto wake akachukuliwa akalelewe juu, kwa mke mkubwa. Ulisema, "Zima." Nilidhani unataka kusali. Ukasema, "Mama yangu alipiga magoti hivyohivyo." Kisha ukanambia yote, mara moja, na ukaniapisha. Kwamba bibi mkubwa tunayemtaja sisi sote, yule bint shekhe, mke wa baba yako, hakukuzaa. Aliyekuzaa ni Faida, mtoto wa watumwa wa shamba la babu yako, aliyekuwa akifagia uwanja. Baba yako hakumfanyia harusi. Wewe ulilelewa juu, yeye akalala chini jikoni, na ulimwita Faida kama wote walivyomwita. Hukuwahi kumwita mama. Baada ya mapinduzi mlipoondoka Unguja alibaki mlangoni. Alikupa mkate wa kumimina umefungwa kwenye jani la mgomba, na wewe ulimwambia, "Kwaheri, Faida."

Ulipofika Ibra wanawake walikukagua nywele na pua. Walikuita mtu wa Zinjibar, hawakula chakula chako mwaka mzima. Wakauliza, mama yako bint nani? Ukamtaja yule bint shekhe, na kwa miaka yote hiyo ukamtaja yeye. Baba hajui. Ami hawajui. Najua mimi tu, na kwa sababu ya Wathai.

Kwa hivyo sasa nafahamu uliogopa nini. Yahya hukumchukia, ulimuitikia salamu yake. Uliogopa mlango ukifunguliwa kwa Yahya, Faida naye atapita, watu waanze kuuliza na nasaba yako. Nakuonea huruma, Bibi, wallahi. Lakini hofu yako umeiweka shingoni kwangu mimi, na mimi nina miaka ishirini na tisa.

Nimeigeuza wiki nzima. Nikinyamaza, Jumamosi Yahya ataambiwa hana asili, na watakaomwambia ni wajukuu wa Faida, wamekaa kwenye mazulia, wamevaa dishdasha nyeupe. Ataondoka na hatarudi. Ameshanambia, "Salha, nimechoka kupimwa." Nikisema, nimevunja kiapo nilichokuapia, na jina lako uliloliosha maisha yako yote litakuwa midomoni mwa watu kabla ya Magharibi. Na huenda yasinifae. Najua Baba atasema nasaba hufuata baba, mama hahesabiwi. Ami Seif atasema nimekuzulia ili niolewe. Mahakamani ninaweza kwenda, mabinti wengine wamekwenda kuwashitaki mawalii wao waliokataa kuwaoza, na wakaozwa na kadhi, lakini nimwone Baba amesimama mbele ya kadhi kwa ajili yangu? Sijui kama naweza. Sijui hata kama Yahya atanitaka baada ya fujo hiyo.

Hutaona mambo yaliyobadilika hapa. Mama anakunywa kahawa peke yake. Jirani yako wa mlango wa pili, aliyekuwa haachi kuja, haji. TV yako Baba ameifunika shuka. Sijatazama mchezo wowote tangu ulipokwenda. Wikiendi ile ya kwanza niliwasha mmoja mpya, ikatoka mvua, akatoka kijana na mwavuli, na mimi nikafungua mdomo kukusomea. Nikasoma sentensi mbili nzima kwa sauti. Nikazima.

Huko uliko, malaika walikuuliza Mola wako nani na mtume wako nani. Hawakukuuliza mama yako bint nani. Mungu akupe kauli thabiti, akupanulie kaburi, akukutanishe na uliyemwacha mlangoni. Kwaheri, Bibi. Nilikupenda kuliko mtu yeyote wa nyumba hii, na bado nakupenda, na ndiyo maana sikufichi ninalokwenda kulifanya.

Nakuahidi hili. Jumamosi nitapeleka kahawa majlisi mimi mwenyewe, na sitaondoka baada ya kumimina. Baba akisema asili, nitamjibu kwamba bibi yangu alizaliwa na Faida, mfagiaji wa shamba. Na sitamwita jina tupu, kama ulivyomwita wewe. Nitasema Mama.