Mlango Usiokuwepo Kitabuni

Ngaire, uko? Shoga, nimejifungia chooni hapa ukumbi wa chama cha filamu. Sitoki!

Ile filamu mpya ya zimwi la barafuni, iliyotokana na kile kitabu ninachofundisha, imeisha sasa hivi, na mwongozaji mwenyewe, Callum, yupo. Nikasimama. Si unanijua.

Nikamwambia, "Umekiua kitabu! Mlango wa chuma uko wapi? Dakta anajifungia na zimwi ili wenzake wapone. Hiyo ndiyo roho ya kitabu, na wewe umeikata!" Watu wakapiga makofi. Makofi, Ngaire!

Callum akauliza taratibu, "Mlango upi, mwalimu?" Maana nilimfundisha mimi, kitabu hichohicho.

"Kasome sura ya mwisho!"

Akatoa kitabu mfukoni, akanipa. "Tusomee."

Nikapekua. Hakuna mlango. Shoga, hakuna mlango! Dakta anatimua mbio, anawaacha wenzake wafe. Mlango uko kwenye ile filamu ya zamani, ile tuliyoangalia kwenu tukila mikate ya jibini. Mji mzima wa Dunedin unanitazama, na mimi napekua tu.

Miaka kumi na tisa nimefundisha huo mlango. Nimeutungia na maswali ya mtihani! Hakuna mwanafunzi aliyewahi kubisha.

Kasoro mmoja. Callum akasema, wala hakupandisha sauti, "Mimi niliandika dakta alikimbia. Ukanipa sifuri."

Unajua nikafanyaje? Nikafanya kama dakta.

Yule wa kitabuni.