Nikaha ya Nusifa, na Bwana Harusi Aliyebaki Mbale

Walukuba,
Jinja.
22 Agosti 2021

Mpendwa Dada Rashidah,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo dada yangu? Shemeji Maulidi hajambo, na mgongo wake je? Hawa na Kassimu wanaendeleaje na shule huko Tabora? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na neno hilo mwaka huu silisemi kwa mazoea.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa ajili ya hao wanao, maana Lusoga hawajui na nataka barua hii waisikie. Wakicheka Kiswahili changu cha Jinja, waambie siku watakayokuja nitawapa sato wa kwetu, na kicheko kitakwisha chenyewe.

Kwanza Mama. Mama ni mzima kabisa. Sukari imetulia, anakula, na kila asubuhi anagombana na kuku wangu. Ulipopiga simu Idi Kubwa ulikuwa unalia, na mtandao ukatukata kabla sijakueleza vizuri jinsi tulivyoponea chupuchupu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wajua Nusifa wangu alikuwa aolewe mwanzoni mwa Juni. Mchumba wake, Twaha Mafabi, ni fundi wa kushona. Ana chumba cha cherehani kule Malukhu, Mbale, chini ya mlima, na alikuwa anafanya kazi pamoja na rafiki yake Norman. Mama hakumpenda sana. Alikuwa anamwita "yule fundi wa mlimani," kama vile hana jina. Yeye alitaka mjukuu wake aolewe hapa karibu, kwa watu anaowajua mpaka babu zao.

Korona ilikuwa imerudi kwa nguvu. Redio zote zinasema watu wasikaribiane, lakini wewe unatujua: harusi ni harusi. Watu wa Mbale walikuwa wamekodi taksi nzima, zile mnazoita daladala huko, Norman ndiye aiendeshe, waje wabanane humo mpaka Jinja. Na hapa kwetu kila mgeni akiingia lazima apite chumbani kwa Mama, amshike mikono yote miwili, akae kitandani kwake. Hivyo ndivyo tulivyopanga, na hakuna aliyeona ubaya.

Ijumaa, siku moja kabla ya nikaha, nilikuwa namenya ndizi na wanawake wa jirani simu ikalia. Alikuwa Twaha. Sauti ilikuwa imekauka.

"Mama, mimi naumwa. Jana ilikuwa homa tu, nikasema ni malaria. Leo nimepaka manukato ya harusi, hayanukii. Ni kama maji."

Kisu kikanitoka. Baba Nusifa aliona uso wangu akaninyang'anya simu. Ng'ombe ameshachinjwa, dada yangu, nyama iko kwenye sufuria.

"Bwana, wewe unataka kuniachia binti mlangoni? Kama umebadili moyo, sema!"

"Sijabadili, Baba. Nataka kumwoa kesho hiyohiyo. Lakini sitakuja. Norman naye anakohoa tangu juzi, na hii taksi yote ni watu waliokuwa wanaingia na kutoka hapa dukani kupimwa nguo. Tukija, tunamletea Jaja kifo."

Jaja ndilo jina watoto wote wanalomwita Mama. Baba Nusifa akasema, taratibu sasa, "Watu watasema nini?" Twaha akajibu, "Waseme nimeogopa, Baba. Ni kweli nimeogopa."

Hapo nyumba ilichafuka. Wengine wakasema tuahirishe, wengine wakasema kijana ametuvunjia heshima, na shangazi mmoja wa Nusifa akafunga kitenge chake akarudi nyumbani. Nusifa alikuwa amekaa na hina mikononi. Nilimfuata nikamwuliza, "Mwanangu, wewe unasemaje?" Akaniambia, "Mama, angeweza kunyamaza tu akaja. Mimi nataka huyohuyo."

Tukamwita sheikh wetu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna ndevu, akasema, "Nikaha inataka walii wa binti, mashahidi, mahari, na hao wawili waridhike. Bwana harusi akiwa mbali, anaweka wakili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima tupumue pumzi yake."

Hata Baba Nusifa alicheka.

Baba mdogo wa Twaha, Hajji Sulaimani, anakaa Buwenge, hukuhuku kwetu, na hakuwa amefika Mbale tangu Ramadhani. Twaha akamweka kuwa wakili wake kwa simu, mashahidi wawili wakisikia. Jumamosi Hajji akaja peke yake. Tuliweka viti uani, kimoja hapa, kimoja kule, watu wachache tu, na majirani wakaangalia juu ya ua. Mama tulimweka barazani na barakoa yake, na mtu hakuruhusiwa kumgusa. Alikasirika! Alisema tumemfanya kama mkoma.

Mahari ilikuwa cherehani mpya, ambayo Hajji alikuwa amehifadhi kwake. Baba Nusifa alipomwozesha binti, Hajji akajibu, "Nimekubali ndoa yake kwa niaba ya Twaha Mafabi." Simu ya Nusifa ilikuwa wazi mapajani, Twaha anasikiliza. Badala ya vigelegele tukasikia anakohoa. Alikohoa muda mrefu, dada. Sidhani kama kuna aliyesema tena kwamba kijana alikuwa anatukimbia.

Walipompima walimkuta na korona. Akajifungia chumbani mwake pale Malukhu, jirani anamwekea uji mlangoni na kurudi nyuma. Hao wa taksi nao waliambiwa kila mtu abaki kwake. Wawili waliugua kidogo wakapona, na ugonjwa haukutoka nje ya nyumba zao. Muuguzi alimwambia Twaha kwamba kwa saa zile za safari, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, taksi nzima ingefika Jinja na ugonjwa. Na taksi hiyo ilikuwa inakuja kitandani kwa Mama.

Siku chache baadaye safari za wilaya hadi wilaya zikafungwa. Wakati huohuo Twaha akazidiwa, wakampeleka hospitali, akawekewa oksijeni. Nusifa alikuwa mke wa mtu na hawezi hata kumpelekea chai. Alikuwa anakaa karibu na simu akisubiri kuambiwa kama yeye ni mke au mjane. Mama ndiye aliyemwita chumbani, akampa tasbihi yake, wakawa wanaomba pamoja, mmoja kitandani, mwingine mlangoni.

Twaha Mungu alimrudisha. Norman hakurudi. Aliitwa na Mungu akiwa hospitali hiyohiyo, vitanda vichache kutoka kwa rafiki yake. Walimzika kwao Busiu, watu wa kuhesabika, na Twaha hakuweza kwenda. Mpaka leo jina hilo akilitaja anageuza uso. Sare za watoto wa Norman anasema atashona yeye mpaka wamalize shule. Mkumbuke kwenye dua zako. Alikuwa Mkristo, lakini alikuwa ndugu.

Mwezi huu safari zilipofunguliwa, Twaha akaja kumchukua mkewe. Amekonda, shati linamzunguka. Alifika akasimama pale getini na barakoa, hataki kuingia, ingawa daktari alikwishamwambia amepona. Nusifa alitoka mbio, kisha akaona haya akasimama katikati ya ua. Mimi nikalia hapohapo.

Mama akatoka na bakora yake. Twaha akachuchumaa kulekule mbali kumsalimu.

"Wewe ndiye uliyekataa kuja kwangu?" Mama akamwuliza.

"Ndiyo, Jaja. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Wengi wamekuja kwangu kwa sababu wananipenda. Wewe peke yako ndiye uliyenipenda ukabaki kwenu." Kisha akapiga bakora chini. "Sasa ingia, Twaha. Chakula kinapoa."

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtaja kwa jina. Walikula barazani, Mama mwisho huu wa mkeka, Twaha mwisho ule, na Mama akawa anamsukumia minofu kwa mpini wa mwiko.

Kesho yake wakaondoka kwenda Mbale, taksi ikiwa na nusu ya abiria, cherehani imefungwa juu. Nyumba imekuwa kimya, lakini nashukuru. Kila nikimsikia Mama anakohoa kile kikohozi kidogo cha kawaida cha uzee, nashukuru.

Nisalimie Shemeji Maulidi, nisalimie Hawa na Kassimu, na Mama Zubeda jirani yako aliyenipa kanga. Baba Nusifa anawasalimu. Nusifa na mumewe wanakuamkia kutoka Malukhu. Mama anasema anakubariki wewe na tumbo lililokuzaa, ambalo ni lake.

Mungu awafunike huko mliko, na siku atakayotukutanisha tushikane mikono bila hofu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye nikiwa mbali,
Mariat