Vistari vya Jumapili

Baba,

Ulitutoka Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, mwaka huu wa 1996. Kahawa ilikuwa imetangulia. Kufikia mwisho wa Mei, katika ile miti mia sita na arobaini uliyopanda shambani Mugutha, miti mia tano na kumi ilikuwa imeangusha matunda machanga, meusi, kana kwamba mtu amepita akimwaga makaa chini yake. Watu hapa wanayazungumza mambo haya mawili kila moja peke yake. Mimi siwezi.

Leo ni wiki ya saba. Stima imepotea Kiganjo yote, huku ninakopanga, tangu asubuhi, kwa hivyo naandika kwa kalamu, kompyuta iko hapa kando imenyamaza kama mgeni asiyejua lugha. Mama anaendelea. Anakula kidogo, anasema chakula hakina chumvi na chumvi ameitia yeye mwenyewe. Redio yako hakuna anayeiwasha. Kamau anataka tung'oe kahawa tujenge nyumba za kupangisha, ati Ruiru inakuja upande wetu na kahawa haina kesho. Unamjua mwanao, akishasema jambo mara tatu analiona limeamuliwa. Sijamjibu. Nina jambo la kumaliza na wewe kwanza.

Unakumbuka nilivyoanza. Mashine ya taipu ya kuazima, kwenye veranda ya duka la vitambaa pale Thika, nikiwaandikia watu barua za kuomba kazi huku mimi mwenyewe sina kazi. Miaka sita. Kompyuta niliinunua kwa ofisi iliyokuwa ikitupa za zamani, na kitabu chake cha maelekezo kilikosa kurasa arobaini za mwisho. Nilijifunza peke yangu. Nilikuwa najivunia hilo sana, Baba, kujifunza peke yangu. Sasa naona ndilo lililoniponza: sikuzoea kuuliza.

Halafu mwanzoni mwa mwaka jana ukaja na vile vitabu. Ishirini na viwili, kimoja kwa kila mwaka kuanzia 1974, umevipanga ndani ya mfuko wa unga na kuufunga kwa kamba ya katani. Kila asubuhi saa tatu ulikuwa ukienda kwenye kile kipima mvua ulichopewa na bwana shamba, unasoma, unaandika, unamwaga. Milimita kumi na mbili. Milimita tatu. Sifuri. Na pembeni, kwa penseli: leo nimepulizia dawa, leo nimeona ugonjwa mti wa nne, mstari wa pili. Uliketi kwenye kile kiti changu cha plastiki, kofia juu ya magoti, ukaniuliza, "Maitu, hiyo inaweza kukumbuka yote haya?" Umeniita hivyo, yaani mama yangu kwa Kikuyu, tangu nizaliwe kwa sababu nilichukua jina la mama yako, na mpaka leo mtu akinipita sokoni akimwita mwenzake Maitu, mimi ndiye ninayegeuka.

Nikasema yote. Ukauliza, "Na haizeeki?"

Jumamosi baada ya Jumamosi nikaingiza namba zako. Mwaka wa kwanza mashine ilitufanyia kazi kweli, na hilo sitamruhusu mtu yeyote kulikana. Ulikuwa ukipulizia dawa mara nane kwa mwaka kwa sababu ndivyo kila mtu alivyofanya. Nikakuonyesha kwamba mara mbili kati ya hizo nane ziliangukia wiki ambazo katika miaka yote ya vitabu vyako hazikuwa na mvua ya kuleta ugonjwa. Tukaziacha. Mgongo wako ukapumzika kubeba lile bomba la kupulizia, na matunda yakaja mazuri kuliko ya jirani yeyote. Majirani wakaanza kuja kuulizia karatasi ya Maitu, ile ratiba ya kupulizia dawa niliyokuchapishia. Wakulima kumi na mmoja. Uliwapelekea nakala nyumba kwa nyumba, kwa miguu, ukiwaeleza kila safu ni ya nini kana kwamba wewe ndiwe uliyeitengeneza. Nusu yake wewe ndiwe uliyeitengeneza.

Mwaka huu nikataka zaidi. Nikaiambia mashine itafute siku zenye mvua kubwa, iangalie ni kiasi gani kinachoosha dawa kwenye jani hadi ugonjwa uingie. Ikanipa thelathini. Milimita thelathini kwa siku moja. Chini ya hapo dawa inakaa, usirudie. Nikachapisha hivyo, kwa herufi nzito.

Unajua yaliyofuata. Aprili mvua ikaja ya kunyesha kila siku kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, siyo kubwa. Kumi na nne. Kumi na saba. Kumi na tisa. Kumi na tano. Ulikuwa ukinipigia kutoka simu ya kiwanda cha kahawa, foleni ya watu nyuma yako, unanisomea namba, na mimi nilikuwa nakujibu, "Ngoja, Baba. Haijafika thelathini." Mara tatu nilikuambia ngoja. Ya tatu nilikuambia kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na mteja. Bomba likabaki limening'inia stoo. Wale kumi na mmoja nao walingoja, kwa sababu wewe ulingoja.

Baada ya hapo walikuita mzee wa kompyuta. Najua walikuuliza mbele ya kanisa kama kompyuta yako mwaka huu imechuma debe ngapi. Mama ndiye aliyeniambia, wewe hukuniambia. Ulipolazwa, daktari alisema ni presha, na presha ulikuwa nayo tangu zamani, kwa hivyo sisemi zaidi. Lakini nilikaa kando ya kitanda chako siku nne, na katika siku nne hukutaja kahawa hata mara moja. Uliuliza tu kama kuna mtu amemwaga maji ya kipima mvua.

Hakukuwa na mtu.

Wiki ya pili baada ya kukuzika nilianza kwenda mimi. Sijui kwa nini. Nilijiambia ni kwa ajili ya rekodi. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimesoma na kumwaga vizuri. Jumapili tulienda ibada, watu wakaja nyumbani mpaka jioni, nikasahau. Jumatatu nikakuta milimita ishirini na sita. Nikasimama pale na kalamu, nikajiambia leo imenyesha sana, halafu nikakumbuka kwamba ilinyesha kidogo Jumamosi usiku na kidogo tena jana. Haikuwa mvua ya siku moja. Yalikuwa maji ya siku mbili ndani ya chombo kimoja.

Nikamwuliza Mama, wewe Jumapili ulikuwa ukisoma saa ngapi. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza jina la mtoto wake mwenyewe. "Baba yako hakugusa hicho chombo Jumapili tangu aokoke," akasema. "Alisema hiyo ni kazi kama kazi nyingine."

Nikavifungua vitabu. Kila Jumapili tangu 1979 uliweka kistari. Siku isiyo na mvua uliweka sifuri. Kwako vilikuwa vitu viwili: sifuri ni nimeenda nikakuta hakuna, kistari ni sikwenda. Na mimi, Baba, mashine ilikuwa ikikataa kistari. Inataka namba. Ilikuwa ikinipigia kelele kila nikikiweka, nami nilikuwa na haraka, kwa hivyo kila mahali ulipoweka kistari nikaweka sifuri. Nimevihesabu. Ni mia nane sabini na kimoja. Jumapili mia nane sabini na moja nilizozifanya kavu kwa kidole changu, na Jumatatu zake zikabeba mvua ya siku mbili. Zile thelathini za kuleta ugonjwa zilikuwa kumi na tano na kumi na tano. Nimezirudia zote sasa, kwa mkono. Ungepulizia dawa Aprili. Ungeiokoa kahawa yako kwa mchana mmoja wa kazi.

Sasa sikia jambo la Jumamosi. Mwenyekiti wa chama cha wakulima amekuja hapa Kiganjo mara mbili. Wanataka kuweka kompyuta kwenye chumba kimoja cha kiwanda, niiendeshe mimi, karatasi za kupulizia dawa ziende kwa wakulima wote, si kumi na mmoja tu. Ndicho nilichokiota kwenye ile veranda. Nikamwuliza, na ile hasara? Akatoa kauli yake polepole, kwa upole wa mtu anayekuletea zawadi: "Mashine haidanganyi, mama. Mzee alikuwa akikisia zile namba. Tutaanza na vitabu vipya." Mkutano ni Jumamosi saa nne, na ananitaka nikubali tu kwa kichwa atakaposema hivyo. Sihitajiki hata kufungua mdomo.

Ilinichukua siku moja nzima, Baba. Sitakuficha. Nilipiga hesabu: wewe umeshakufa, hutaumia, mimi nina miaka thelathini na miwili na kodi ya chumba, nao wakulima watafaidika kweli, maana mashine ikilishwa vizuri itawafaa, hilo naliamini mpaka leo. Hesabu ilikaa sawa kila nilipoirudia. Ndipo nikaiogopa.

Nitasimama. Nitawaambia vitabu vya mzee viko sawa, kila mstari, na kosa ni la binti yake. Nitavibeba vyote ishirini na viwili niwaonyeshe kistari na sifuri. Wakiniacha niendelee, nitawaambia namna: kila shamba liwe na kipima mvua chake, maana mvua ya Mugutha siyo ya juu kule, aliyesoma aandike jina lake kando ya namba, na mahali ambapo hakuna aliyesoma, pabaki wazi, mashine ipige kelele mpaka ichoke. Na kabla karatasi yoyote haijatoka, nitaenda niketi na aliyeandika namba, nimsomee, nimwulize. Wasiponiacha, nitarudi kwenye barua za kuomba kazi. Naijua njia.

Lakini kuna kitu kinanikata, na ndicho kilichonifanya niandike.

Siku niliyokuletea karatasi ya thelathini uliisoma muda mrefu. Uliifuata kwa ukucha, safu kwa safu, ukarudi juu, ukaanza tena. Halafu ukaniuliza, bila kuinua macho, "Maitu, hii mashine yako inaijua Jumapili?" Nikacheka. Mbele ya Kamau na Mama, nikacheka, nikakuambia, "Baba, kompyuta haiendi kanisani." Wote wakacheka. Na wewe ukacheka, ukaikunja ile karatasi mara nne ukaitia mfukoni, ukasema ni sawa.

Kitabu cha mwaka huu nakiandika mimi. Kila asubuhi saa tatu Mama anasoma, mimi nakuja mwisho wa wiki kunakili. Jumapili tunaweka kistari. Hilo nakuahidi, na miti hiyo mia sita na arobaini haing'olewi nikiwa hai, Kamau aseme mara tatu au mara thelathini. Pumzika, Baba yangu. Mgongo wako sasa hauna mzigo.

Ila hili sikuachii. Kama uliuliza tu kama mzee anavyouliza, basi kosa ni langu peke yangu, na nitalibeba mbele ya watu bila kutetemeka. Lakini kama ulikuwa umeliona, ukanyamaza ili binti yako asiaibike nyumbani kwao, basi uliwaacha majirani kumi na mmoja wangoje pamoja nawe huku ukijua, na nitakaposema Jumamosi kwamba kosa ni langu peke yangu nitakuwa nasema uongo kwa ajili yako. Nataka nijue ninachokisema. Hujawahi kuninyima jibu nilipouliza vizuri, na leo nauliza vizuri. Nijibu ndiyo au la, usinizungushe, kwa njia yoyote mnayotumia huko, kabla ya Jumamosi saa nne: ulijua?