Neno "Cliff" na Kazi ya Hodan

Dadaab, Alhamisi, Februari 1994

Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo umeingiza vumbi mpaka kwenye chai. Sina hamu ya kula. Naandika kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia haya.

Jumatatu niliwapa wakimbizi mtihani wa Kiingereza. Ambaye angeongoza angeajiriwa kuwa mkalimani wa zahanati. Swali la mwisho: eleza maana ya "cliff", kisha tumia neno hilo katika sentensi.

Mimi nimezaliwa Garissa, nchi tambarare. Nilidhani ni kilima.

Hodan, mama wa watoto watatu aliyekimbia kutoka milima ya kaskazini mwa Somalia, aliandika kwamba ni mahali ardhi inapokatika na mwamba kushuka wima. Sentensi yake ilisema kaka yake alianguka kutoka kwenye "cliff" akafa. Nikaikata yote kwa kalamu nyekundu.

Jumanne, niliporudisha karatasi na kusema jibu ni kilima, alisimama. "Maalim, kilima mtu anabanda. Hii habandi. Anaanguka."

Nikamwigiza mbele ya darasa zima, ile "p" yake inayogeuka "b": anabanda, habandi. Wakacheka. Mimi ni Msomali kama yeye. Nyumbani Garissa, mtaa wa Waberi, mama yangu hutamka vivyo hivyo. Kisha nikasema labda kaka yake naye hakujua Kiingereza, ndiyo maana akaanguka.

Akakaa.

Jana nilifungua kamusi. Hodan alikuwa sahihi. Orodha ya alama ilikuwa bado mezani kwangu, na alama za swali lile zingempa kazi. Lakini ningelazimika kumweleza mkubwa wangu kwamba mwalimu wa Kiingereza amekosolewa na mkimbizi, na mkimbizi ndiye aliyejua.

Leo asubuhi nikaipeleka orodha vile vile, bila kurekebisha.

Mchana nilimkuta Hodan kwenye foleni ya maji. Hakuninunia. Alinisalimu, akaulizia afya ya mama yangu, kisha akaomba nimwambie tena maana ya lile neno, asije akakosea mtihani mwingine.

"Kilima, abaayo," nikamjibu kwa upole, kama mtu anayezungumza na dada yake.

Akashukuru. Akalirudia mara mbili, taratibu, ili asisahau.

Ningependa kuandika hapa kwamba kesho nitamtafuta nimweleze ukweli.

Najijua. Sitamweleza.