Karatasi ya Mpiga Pasi

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi situlii. Wewe uliyefanya kazi ofisi ya kazi miaka ishirini, nishauri. Mhasibu ameniambia wafanyakazi wangu wanne wa duka la dobi wasaini karatasi kwamba si waajiriwa, ni mafundi wa kujitegemea. Likizo, bima na ugonjwa vinakuwa juu yao. Wamesaini wote, hata yule mama mpiga pasi niliyeanza naye. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kesho nije saa ngapi?" Nikamjibu, "Saa moja kamili, kama kawaida." Nimekosea?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti bovu, mdomo mzima. Mtu anayejitegemea unampangia saa? Pasi ni ya nani? Akipokea nguo za duka la jirani utakubali? Huwezi kuwa bosi kutwa nzima, halafu akipata shida ukawa mpita njia. Chana hizo karatasi. Ukinyamaza nitajua hujachana.

Dada yako

29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usinitukane kabla hujamaliza kusoma. Sikuchana. Wiki tatu zilizopita bomba la pasi ya mvuke lilipasuka, likamuunguza mpiga pasi mkono wa kulia hadi kiwikoni. Binti yake alipokuja dukani kudai gharama za matibabu nilimwonyesha karatasi. "Mama yako anajitegemea," nikasema. Akaisoma yote, kisha akaniambia, "Asubuhi umempigia simu wodini kumuuliza funguo za kabati ziko wapi."

Wamenishtaki, Jumatatu naitwa ofisi ya kazi. Mhasibu anataka niseme mpiga pasi alikuwa anakuja kazini anapojisikia. Nifanyeje?

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Nimewasikia wengi wakidanganya mbele ya meza ile, na wengine walishinda. Kwa hiyo sikutishi kwamba utashindwa. Ila ukishinda, utapita njia gani usikutane naye? Mfikishie pole zangu.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Afisa aliuliza ni nani aliyekuwa anampangia mpiga pasi saa. Mhasibu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Mimi." Mengine yakatoka yenyewe. Imeamuliwa ni mwajiriwa wangu: matibabu ni juu yangu, na nafasi yake ibaki.

Nje nikampa pole. Akasema, "Wodini nilikaa siku kumi na moja. Hukuja." Akaenda zake.

Tangu hapo napiga pasi mwenyewe. Mvuke unanipiga usoni kutwa, na bado wateja wanarudisha mashati. Jana alikuja, mkono umefungwa bandeji. Hakunisalimu. Alitazama kola niliyokuwa nimemaliza, akaikunjua kwa mkono wa kushoto, akanirudishia. "Nitarudi mwezi ujao," akasema. "Andika mkataba. Safari hii nitausoma kwanza, na binti yangu atausoma."

Nimeuandika mara tatu tangu asubuhi, na mara tatu nimeuchana. Mhasibu simtaki tena. Kama goti linaruhusu, njoo tukae wote.

Mdogo wako